Adhana Ndani ya Bomba

Katika kila matanga ya mtaa wetu wa Kabondo hakosekani mtu wa kuniambia kwamba baba yangu alikuwa Simba, yaani mwasi wa mwaka 1964. Mara nyingi ni mtu ambaye mwaka huo alikuwa bado ananyonya, au hajazaliwa kabisa, lakini habari za baba yangu anazijua kuliko mimi. Zamani nilikuwa nagombana. Siku hizi nasema tu: baba yangu Assumani alikuwa fundi bomba, na kama yupo aliyemwona na bunduki, aje aniambie ilikuwa ya inchi ngapi, maana kwa baba kila chuma chenye tundu katikati kilipimwa kwa inchi. Mtu hugeukia chai yake. Mimi hubaki na hasira zangu hadi nifike nyumbani.

Habari zake nimezipata kwa watu wawili. Mmoja ni mama yangu, Safi. Mwingine ni Benoît, mzaliwa wa Yanonge, fundi mwenzake baba, niliyemwita tonton, yaani baba mdogo, hadi siku alipofariki. Wote wawili walikuwa wakisimulia kila mmoja kivyake, mama kwa kunung'unika na tonton kwa kucheka, lakini habari zao zililingana.

Baba alianza kazi akiwa kijana, wakati wa Wabelgiji, katika karakana ya bwana mmoja aitwaye Dewit. Hakuna aliyemuuliza kama anapenda mabomba. Babu alikuwa seremala, nguvu za mikono zimemwisha, akaona mabati na nyumba za ghorofa zinaongezeka mjini, akasema: popote pana nyumba patakuwa na choo. Basi baba akafanywa mwanagenzi. Mwanzo kazi ilikuwa kubeba mabomba begani na kufagia unga wa chuma. Baadaye akaruhusiwa kukata rezi, yale meno ya mwishoni mwa bomba yanayoingia kwenye bomba jingine. Baadaye tena akafundishwa kuzungusha nyuzi za katani juu ya rezi ili maji yasipite, akizizungusha kwa kufuata upande bomba linapokazwa, kwani ukikosea upande nyuzi zinatoka zote na unachekwa karakana nzima.

Dewit hakuwa na mdomo wa kusifu. Kiungo kikishakazwa alifungua maji, akapitisha chini yake karatasi ya kusokotea sigara, akaitazama kwenye mwanga. Ikilowa hata kidogo, mwanagenzi alifungua kazi yote akaanza upya, na Dewit akimtukana kwa Kifaransa na Kiflemi kwa zamu. Tonton Benoît alikuwa akisema kwamba matusi ya Kiflemi ndiyo yaliyomfundisha kazi, maana hakuyaelewa, kwa hiyo hayakumuudhi. Walifundishwa kila kitu isipokuwa kitu kimoja: kuwa wakubwa. Mtu mweusi katika karakana ile aliishia kuwa msaidizi, hata kama mvi zingemkuta pale.

Uhuru ulipokuja na fujo zake, Dewit aliondoka asubuhi moja, kahawa yake ikiwa bado mezani. Watu wengine mjini walirithi nyumba, wengine magari. Baba alirithi vyoo. Mafundi walikuwa wachache, mabomba yalikuwa mengi na yamechakaa, na baba akawa fundi mkuu bila kumaliza kufundishwa. Alitamani kwenda Léopoldville kujifunza mabomba makubwa ya viwandani, yale ya mvuke, ambayo Dewit hakuwahi kuyagusa. Kila alipofunga sanduku, bomba lilipasuka mahali. Watu walikuja mlangoni na ndoo tupu: papa Assumani, ukienda nani atatufungulia maji? Akawa anafungua sanduku. Mama anasema sanduku lile lilichoka kwa kufungwa na kufunguliwa, wala halijawahi kupanda mashua.

Mama alikuwa amekwisha kuolewa wakati huo. Mtoto wao wa kwanza alikuwa wa kiume. Kwetu Waislamu mtoto akizaliwa, baba yake humwadhinia sikioni, ili neno la kwanza analosikia duniani liwe jina la Mungu kwa sauti ya baba yake. Siku kaka yangu alipozaliwa, baba alikuwa ndani ya mtaro ng'ambo ya daraja la Tshopo, matope hadi kiunoni. Tonton Jafari, mdogo wake, akaadhini badala yake. Mtoto hakumaliza arobaini. Shehe alimwambia mama kwamba mambo hayo mawili hayahusiani, na Bibi Binti, mama yake baba, akamwambia vivyo hivyo. Mama aliitikia ndiyo, ndiyo, lakini moyoni hakukubali hata kidogo. Aliapa kwamba mtoto mwingine ataadhiniwa na baba yake au hataadhiniwa na mtu.

Simba waliingia mjini mwezi wa Agosti, mama akiwa na mimba yangu. Siku chache baadaye, baba na Benoît walikuwa shimoni barabarani wakiziba bomba, lori likasimama juu ya vichwa vyao.

"Nani kati yenu njo fundi ya bomba?" akauliza kiongozi wao. Huyo aliitwa Augustin, kijana wa Yahuma, na alijiita komanda.

"Siye bote mbili," akajibu Benoît.

"Tuko na lazima ya moya tu. Ule mwenye kushika spana, panda."

Spana ilikuwa mkononi mwa baba. Benoît alikuwa ametoka kumpa muda huo huo, ili ajifute jasho. Hilo alilisema mara nyingi mno maishani mwake.

Walimpeleka kambini, upande wa Kapalata. Vyoo vilikuwa vimeziba kwa magunzi ya mahindi na maji hayakupanda. Lakini kabla hajagusa kitu palikuwa na jambo. Simba walikuwa wamepewa dawa ya kugeuza risasi ziwe maji, na mwenye dawa hakutakiwa kuguswa na asiye nayo. Fundi wa kuingia na kutoka katikati yao asingeweza kubaki mtu wa kawaida. Dokta wa dawa, mzee mkavu mwenye kofia ya ngozi, akamnyunyizia maji, akamchanja chale ndogo pajini mwa uso, akazipaka unga mweusi, akamsomea miiko: usiguse mwanamke, usile alichopika mwanamke, usiguse damu ya uzazi, usigeuke nyuma, usipokee kitu kutoka mkono wa mtu asiye na dawa.

Baba hakuuliza habari za risasi. Aliuliza habari za kazi.

"Papa, bomba moya inashikwaka na batu wawili, huyu anakaza, huyu anazuia. Mwenzangu hana dawa. Tutafanya namna gani?"

Dokta akafikiri sana, maana hakuwahi kuulizwa. "Asikuguse. Lakini chuma iko chuma. Yeye ashike huku, weye ushike kule. Chuma haipitishake."

Ikawa hivyo. Kila palipohitajika mtu wa pili, Benoît aliitwa hadi ukingoni mwa kambi, bondeni, mahali bomba kubwa linapotoka kwenye majani na kuvuka mtaro. Aliweka vifaa chini akarudi nyuma, baba akaja akaviokota. Watu wawili waliokula sahani moja tangu uanagenzi walikuwa wakipeana spana kama wanaomtegea panya. Tonton alicheka alipoeleza hapo, halafu aliacha kucheka.

Baba aliomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Augustin akamjibu kwa upole kabisa: "Bon, papa, utaenda. Vita ikiisha." Akavumilia. Lakini hata kuvumilia kulikuwa na mtego wake. Mle kambini mwenye dawa asiye na kazi alipewa mkuki akapelekwa vitani. Kwa hiyo baba hakuthubutu kumaliza. Akiziba hapa, aliacha pale pavuje kidogo, yeye ambaye mikono yake ilifundishwa kutovumilia hata tone moja. Akimaliza, ataenda kufa. Asipomaliza, haendi kwake. Alimwambia Benoît kutoka ng'ambo ya mtaro kwamba hajawahi kufanya kazi mbaya kwa bidii kama hiyo.

Mimi nilizaliwa Oktoba. Bibi Binti alinikata kitovu, akanifunga, akasema aitwe Jafari aje aadhini.

"Hapana," akasema mama.

"Safi, usianze."

"Huyu ataadhiniwa na baba yake."

"Baba yake iko mu kambi! Unataka apige kelele toka kule mpaka huku?"

Bibi alifikiri amemshinda. Kumbe mama alikuwa anafikiri habari za mabomba, maana mke wa fundi husikia mengi wakati wa chakula. Mafundi bomba wana njia yao: mabomba mengi yakiingia chini ya nyumba moja na hujui lipi linakwenda wapi, unafunga maji, mmoja anasema ndani ya bomba huku, mwenzake anatega sikio kule, bomba moja baada ya jingine, hadi alipate lenye sauti. Mama akamwita Benoît, akamuuliza sauti inaweza kufika umbali gani. Benoît akaanza kumjibu kifundi, akaona macho yake, akaelewa anachotaka. Akasema, "Ee, Bikira Maria."

Kesho yake akaenda bondeni, akaweka spana kwenye majani, akamweleza baba akiwa mbali. Baba aliinama kama anayetafuta kitu chini. Kisha akaanza kuhesabu miiko kwa vidole. Kumgusa mke, hapana. Damu, hapana. Kupokea kitu mkononi, hapana. Sauti haikutajwa. Na chuma hakipitishi, dokta mwenyewe alisema.

"Mulete asubuhi," akasema. "Nitafunga maji."

Nilikuwa na siku tatu. Bibi Binti alisimama mlangoni akatandaza mikono: mzazi hatoki nje kabla ya arobaini, na mtoto mchanga hapelekwi vitani! Mama akapita chini ya mkono wake. Walikwenda kwa njia ya mashamba, Benoît mbele na jembe begani, mama nyuma akijikaza, amenifunika kanga mbili. Mtaroni Benoît akafungua kiungo, maji yaliyobaki yakamwagika, bomba likabaki wazi. Juu huko, kwenye kibanda cha pampu, baba alikuwa amefunga maji na kufungua upande wake.

Benoît akagonga chuma. Kutoka juu chuma kikagongwa.

Mama akanishika, sikio la kulia kwenye mdomo wa bomba. Chuma kilikuwa baridi, anasema, nikakunja uso kama bibi kizee. Adhana ikaja. Ilitoka nyembamba, imebanwa, kama mtu anayesali ndani ya chupa, lakini ilikuwa yake, pamoja na kule kukohoa kwake katikati. Mama hakulia. Alikuwa anahofia machozi yasimzibe masikio. Baba alipomaliza, mama akaweka mdomo wake.

"Assumani. Iko mwanamuke. Iko muzima."

Halafu bomba likasema: "Muite Hadidja."

"Hadidja," akasema mama.

"Safi, umekula?"

Hapo ndipo mama alipolia, kwa swali hilo la chakula. Alikuwa hajajibu wakati kelele zilipoanza juu kambini.

Kila fundi anajua kwamba maji yakikatika, watu huacha robine, yaani koki za maji, wazi wakisubiri yarudi. Baba alilijua hilo kuliko mtu yeyote mjini. Siku nyingine yoyote angezunguka kambi nzima akafunga robine moja moja kabla ya kufungua mdomo. Siku hiyo hakuwa fundi, alikuwa mtu aliyepata mtoto, akasahau. Simba walikuwa wamejipanga na ndoo zao mbele ya robine kavu, wanatukana, na robine zote kwa pamoja zikasema Allahu akbar. Wengine walitupa ndoo wakakimbia. Mmoja wa Maniema, Mwislamu, inasemekana alianza kutawadha bila maji. Mwingine alichomoa panga akaikata robine, na pale alipoikata ikamuuliza kama amekula.

Wangeweza kumwua pale pale. Benoît, aliyelala kwenye majani baada ya kumrudisha mama mashambani, alisubiri kusikia hivyo tu. Lakini, kama yule wa Maniema alivyomweleza tonton baadaye, Augustin aliketi akasikiliza, na baba akasema kweli yote, maana hakuwa na uongo wa kutosha jambo hilo.

"Mutoto ya ngapi?" akauliza Augustin.

"Ya pili. Wa kwanza alikufa."

Augustin naye alikuwa na mtoto Yahuma ambaye hajamwona. Akamgeukia dokta. Dokta alikuwa na aibu, kwa kuwa maneno ya chuma yalikuwa yake. Akasema basi, chuma hakipitishi mkono, lakini kumbe kinapitisha sauti, na sauti ya mwanamke mwenye damu ya uzazi imeingia katika mwili wa mwenye dawa. Dawa imekufa. Na asiye na dawa aliyeko kambini ni jasusi.

"Umupatie ingine," akasema Augustin. "Ya nguvu. Tusimuue mutu juu ya mutoto."

Nasema wazi: nimemchukia Augustin huyo miaka mingi kuliko niliyowachukia wauaji wa baba, kwa sababu alitenda wema. Chale za kwanza zilikuwa zimepona, zimebaki kama vipele. Za pili dokta alizichanja ndefu, kwa hasira ya aibu yake, akasugua unga mweusi hadi ndani. Paji lote la uso. Bonde likapigwa marufuku, Benoît akakatazwa kukaribia, na ukaongezwa mwiko mmoja: fundi asiseme karibu na bomba. Mama alikuwa akienda mashambani na kukaa huko, akitazama bomba limelala kwenye mtaro. Alirudi jioni na kuni kidogo kwa kuwadanganya watu.

Novemba ndege zikaja. Simba wakatawanyika, Augustin akakimbilia porini na lori lake, na kambi ikabaki wazi bila mlinzi. Baba akatoka kwa lango kuu, akitembea. Hakuna wa kumzuia tena. Alijifunga kitambaa pajini akashika njia ya Kabondo. Lakini askari wa serikali walikuwa wamejaa mitaani pamoja na Wazungu wa kukodiwa, na jambo la kwanza walilofanya ni kufungua vitambaa vya watu kutafuta chale za Simba.

Mama alikuwa mlangoni, amenibeba. Alikuwa anasimama pale tangu risasi zipungue, Bibi Binti akimvuta ndani naye akitoka tena. Akamwona anakuja kutoka upande wa msikiti, ana askari watatu, mikono juu ya kichwa, kitambaa kimeshuka shingoni. Alikuwa amekonda. Alikuwa amebakiza nyumba nne afike. Mtaa mzima ulikuwa mbele ya milango, na kila mtu alijua nyumba ya mwenye chale inafanywa nini: inachomwa, na waliomo wanauawa.

Walipofika mbele yetu mmoja wa askari akasimama. Labda aliona jinsi mama alivyomtazama.

"Mama, oyebi ye?" akauliza kwa Kilingala. "Unamujua huyu?"

Mama anasema alikuwa amekwisha kufungua mdomo. Anaapa kwamba jibu lilikuwa ndiyo. Baba akamtangulia, kwa sauti kubwa, kama mtu aliyechoshwa na upuuzi.

"Ananijua wapi? Huyu mama sijamuonaka hata siku moya. Mimi ninapita tu."

Hiyo ndiyo mara ya pili sauti yake kufika sikioni mwangu, na hapakuwa na nyingine.

Askari akamwangalia baba, akamwangalia mama, akaniangalia mimi. "Mama?"

"Simujui," akasema mama.

Hakuna jirani aliyesema neno, hata hao ambao watoto wao leo wananiambia baba yangu alikuwa nani. Askari wakamsukuma, akaipita nyumba yake mwenyewe bila kugeuza shingo. Mama akaingia ndani akaufunga mlango, akakaa chini, akaninyonyesha kwa sababu nilikuwa nimeanza kulia.